Siku Mpira Mweupe Ulipotembea Wenyewe Likasi

Kabla hujaniuliza: sinywi pombe. Nilichokiona nilikiona kwa macho makavu, mchana kweupe.

Mpira mweupe ulitembea wenyewe.

Ulikuwa umetulia katikati ya meza ya biliadi. Hakuna aliyeugusa. Jessy, mchezaji wangu, alikuwa bado anapaka chaki ncha ya fimbo yake. Mpira ukaanza safari polepole, kama mzee anayekwenda sokoni bila orodha, mpaka ukatumbukia shimoni.

Baa nzima ikasimama.

Kisha macho yote yakamgeukia mgeni mmoja aliyekaa pembeni na Fanta yake, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Hakuna aliyemjua.

"Njo yee ndoki!" mtu akapiga kelele. Kwetu ndoki ni mchawi, na neno hilo halitupwi hovyo.

"Minye?" mgeni akashtuka. "Minye nakunywa Fanta tu!"

"Bandoki bote banakunywaka Fanta!"

Mama Clémentine, mwenye baa, akaanza kuita damu ya Yesu kwa sauti ya kanisani. Mgeni hakusubiri amina. Alitoka mbio akaacha chupa nusu.

Watu walikuwa bado wanakemea. Mimi nikabaki naitazama meza.

Naitwa Théodore. Mimi ni wakala wa mchezaji wa biliadi. Ndiyo, kazi hiyo ipo. Mpira wa miguu una mawakala wenye suti. Biliadi ya Likasi ina mimi, mwenye pikipiki. Natafuta mechi, nakubaliana masharti, nabishana na waamuzi, nawafukuza walevi wanaotaka kumfundisha Jessy kushika fimbo. Hakuna aliyenifunza. Nimejifunza kwa kukosea.

Wiki ile jambo lilikuwa zito. Klabu moja ya Lubumbashi ilikuwa inamleta mchezaji wake Jumamosi apambane na Jessy. Bosi wao angekuja kutazama. Akimpenda, Jessy anaingia klabuni, anacheza Lubumbashi, hata ng'ambo Zambia.

Asipompenda, basi. Mama yake Jessy, Mama Germaine, mwimbaji wa kwaya na muuza makaa, alikuwa amechoka kusikia kanisani kwamba binti yake anashinda baa.

"Jumamosi ikipita bila kitu," alimwambia mbele yangu, "ile fimbo yako nitakorogea bukari."

Hakuwa anatania. Sufuria yake ya bukari, ugali wetu, ni kubwa.

Basi nikaanza uchunguzi. Nikaurudisha mpira mweupe palepale ulipokuwa. Haukutikisika. Nikasubiri.

Lori la madini likapita barabarani. Sakafu ikatetemeka, glasi zikalia, na mpira ukaanza tena safari yake ya sokoni.

Nikalaza chupa tupu mezani. Ikabingirika upande uleule. Nikainama chini: saruji ilikuwa imebonyea, mguu mmoja wa meza umezama. Kumbe uchawi wenyewe ulikuwa mteremko.

Jumamosi asubuhi, Jessy akiwa sokoni na mama yake, nilikwenda na vipande vya mbao na glasi ya maji.

"Ya Théo, unafanya nini na meza yangu?" Mama Clémentine akauliza. Kwetu "Ya" ni kaka.

"Nainyoosha, mama. Wageni wasiseme tumewashinda kwa mteremko."

Nilipomaliza, maji kwenye glasi yalilala sawa kama kitanda cha bibi harusi. Nilijisikia wakala wa kimataifa.

Alasiri mchezaji wao akafika. Jina lake Michée, mpole, viatu vinang'aa.

"Bosi wangu iko njiani," alisema. "Tuanze tu."

Mshindi ni wa kwanza kufikisha michezo mitano. Jessy akapiga wa kwanza.

Akakosa.

Akapiga tena. Mpira ukapita kando ya shimo kama haujawahi kulijua. Michezo mitatu ikaenda kwa Michée.

Jessy akanijia, jasho puani.

"Ya Théo, hii meza iko na nini?"

"Nimeinyoosha."

Akapitisha kiganja juu ya kitambaa.

"Miaka yote minye napiga na ule mteremko," alisema taratibu. "Mukono yangu inaujua. Unaninyang'anya meza leo? Leo, Ya Théo?"

Nilikuwa nimeipima meza. Mchezaji wangu sikumpima.

Mlangoni kukazuka vurugu.

"Ndoki anarudia! Njo ule wa Fanta!"

Ni yeye kweli, kofia ileile. Vijana walikuwa wameziba njia, na Mama Clémentine alikuwa ameshavuta pumzi ya kukemea.

"Mwacheni," nikasema. "Mpira ulisukumwa na lori. Nimejaribu mwenyewe."

Nikampa kiti changu. Watu waliokaa karibu wakasogea mbali naye.

Jessy akamgeukia Michée. "Kaka, niruhusu nibembeleze meza kidogo."

"Bembeleza, dada. Minye sina haraka."

Akauchukua mpira mweupe, akausukuma kwa vidole kutoka kona hadi kona, shavu lake limekaribia kitambaa kama anayesikiliza moyo wa mtoto. Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Kisha akacheza.

Nne-tatu kwa Michée. Nne-nne. Vicheko vikaisha.

Katika mchezo wa mwisho ulibaki mpira mweusi peke yake. Jessy akaupiga. Ukaenda, ukaenda, ukasimama mdomoni mwa shimo.

Kwa mteremko wa zamani ungeingia.

Na papo hapo, lori likapita! Sakafu ikatetemeka. Baa nzima ikainama kuelekea shimo. "Ingia! Ingia!" Hata Mama Clémentine aliuombea.

Mpira ukatikisika mahali pake. Haukuingia. Kazi yangu ilikuwa nzuri mno.

Michée akaumaliza. Tano-nne.

Jessy akaanza kuifungua fimbo yake vipande viwili. Nilijua anaiwazia sufuria.

Yule wa kofia akasimama, akaivua.

"Bosi!" Michée akasema. "Kumbe ulifika?"

Nilitafuta pa kuketi. Kiti changu kilikuwa chini yake.

"Naitwa Cyrille," akaniambia. "Nilikuja mapema kumwona huyu binti kwa siri, mukanifukuza kama ndoki. Lakini nilikuwa nimeshaona. Anashinda kila mutu kwa sababu ya mteremko. Nikasema, huyu ni mchezaji wa meza moja. Leo nilikuja kwa sababu ya adabu tu."

"Na sasa?" nikauliza.

"Nani alinyoosha meza?"

"Mimi."

Akacheka mpaka akakohoa. "Ungeiacha vile, angeshinda tano bila, nami ningerudi peke yangu. Leo amepoteza meza yake, akajifunza nyingine mbele ya macho yangu. Huyo namuchukua."

Jessy akaniangalia. "Ya Théo, usifikiri nimekusamehe." Lakini alikuwa analia na kucheka pamoja.

Mama Clémentine akaja na Fanta baridi, macho chini. "Papa, ile ya siku ile hukumaliza."

Mama Germaine anaendelea kukoroga bukari kwa mwiko wake wa kawaida.

Nami nimebaki na hili: ukimsimamia mtu, usimtengenezee meza ya kushindia. Mpe meza iliyonyooka. Lakini tafadhali, mwambie mapema.