Mkono wa Dirishani, Stesheni ya Ruiru

Kaa hapa karibu nikueleze kwanza stesheni ya Ruiru ilivyokuwa, maana bila hilo hutauelewa wivu wangu. Wazee walisema reli ililetwa huku kwa ajili ya kahawa na mkonge. Miaka ya tisini, treni ya jioni kutoka Nairobi kwenda Thika ilileta watu, nao walijaa hadi milangoni. Haikukawia stesheni. Kwa hiyo aliyeshuka Ruiru alijipenyeza mikono mitupu, kisha akazunguka dirishani kupokea mkoba wake kutoka kwa abiria aliyeketi.

Mkoba wa mume wangu ulitolewa na mkono uleule kila jioni: wa mwanamke, wenye bangili ya shaba. Nilikuwa nikienda stesheni kununua mboga ya sukuma. Sasa nikawa naenda kuutazama mkono. Mume wangu akipokea mkoba alicheka, na kicheko hicho kiliishia palepale. Nyumbani alikula, akanyamaza, akalala. Nikajiuliza huyo wa Thika anapewa nini ambacho mimi sipewi.

Siku moja nikamwambia naenda Nairobi kununua vitambaa vya kushona, na jioni tutarudi pamoja. Alikubali bila wasiwasi, jambo lililonichoma zaidi.

Jioni hiyo tulipanda Nairobi, tukasukumwa mpaka katikati ya behewa, na huyo hapo dirishani: mama mnene wa makamo, bangili ya shaba mkononi, amepakata mikoba ya watu chungu nzima. Ndipo nikaelewa desturi yenyewe, kwamba aliyepata kiti humshikia mzigo aliyesimama. Alininyooshea mkono kabla hajaambiwa mimi ni nani.

"Lete, mama, utachoka."

Nilikaribia kuona haya. Kisha mume wangu akanitambulisha, naye akafurahi kweli, akaniuliza, "Na hiyo maneno ya kupunguza watu kazini, mzee ameambiwa atabaki?"

Sikuwa nimesikia lolote. Mume wangu akageuka kutazama nje. Nikajibu kwamba tunamwachia Mungu. Ningemkuta msichana mrembo, ningejua pa kuanzia ugomvi. Huyu alikuwa na kitu changu, na wala hakukiiba.

Nyumbani nikamwuliza mume wangu kwa nini habari hiyo alimwambia yeye na si mimi.

"Yeye anashuka Thika, anaenda nayo," akasema. "Wewe nikikwambia, inalala na sisi hapa."

"Basi ilale na sisi. Hata kitanda nitaitafutia."

Alicheka, tena ndani ya nyumba. Toka hapo akaanza kunieleza mambo ya kazi, kidogo kidogo. Wivu haukuisha. Kila aliponieleza jambo nilimwuliza kama yule mama ameshalisikia, na mara nyingi alikuwa ameshalisikia. Lakini siku alipoachishwa kazi, alisafiri kutoka Nairobi bila kufungua mdomo, akaja kuniambia mimi, tumesimama kando ya reli, watu wakitupita. Habari ilikuwa mbaya, na nilikuwa wa kwanza kuipata. Nilimshika mkono tukaenda nyumbani kupanga tutakula nini.

Kama nawe una wivu wa namna hii, fanya hivi jioni ya leo: zima redio, mwulize mwenzako kazini kulikuwaje, kisha mwache amalize.