Siku Nilipowapa Posta Zuhura Wetu

Wewe uliyewahi kukosa soksi ya kuvaa shuleni kwa sababu imeshashonwa mpira wa rede, kaa hapa tuongee. Wengine waendelee na simu zao.

Ninaandika haya nikiwa Guangzhou, Uchina, lakini kichwa changu leo kiko Tabora, kwenye kota za reli nilikokulia. Siku zile treni ikipiga honi, mama zetu walijua ni wakati wa kuinjika maharage, wala hakuna aliyekuwa na haja ya kuangalia saa. Asubuhi uji, mchana tunatafuna michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, mpaka mataya yanauma, na jua likipungua makali wasichana wote tuko uwanjani nyuma ya ghala, miguu miekundu kwa vumbi. Kwa watoto wa siku hizi, ambao kiungo pekee kinachotoka jasho ni kidole gumba, nitaeleza rede ni nini. Timu moja inasimama huku na huku na kurusha mpira. Nyingine iko katikati, inaukwepa huku inajaza mchanga kwenye chupa ya soda. Ukipigwa, unatoka. Chupa ikijaa kabla hamjaisha wote, mmeshinda.

Mimi nilikuwa kepteni wa Reli. Msidhani ni kipaji. Mpira ulikuwa unanipata hata usiponitafuta, na mama alikuwa akisema, "Huyu ukimtuma chumvi dukani anarudi amechoka kama ametoka Nzega kwa miguu." Ukepteni niliupata kwa sababu baba yangu alikuwa fundi wa injini mwenye soksi ndefu nzito, na bila soksi zile hapakuwa na mpira wa maana. Mwenye mpira ndiye mwenye timu.

Mchezaji alikuwa Zuhura, jirani yetu wa ukuta mmoja. Mwembamba, shingo ndefu, kimya. Mpira ukija anauangalia kama mtu anayemsubiri mgeni mlangoni, halafu dakika ya mwisho anasogea kidogo tu, na mpira unapita. Niliwahi kumwona akiinama kujaza chupa, mpira ukamfuata kisogoni, akainua goti na kuzunguka, ukapita chini ya kwapa. Hata mchanga haukumwagika. Watu wazima waliokuwa wakipita na baiskeli walishuka.

Wapinzani wetu walikuwa ng'ambo ya barabara, kota za posta. Kila likizo ndefu tulimaliza na mechi kubwa, Jumamosi ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa. Katikati yetu palikuwa na nyumba chache za kupanga, si za Reli wala za Posta. Watoto wa humo tuligawana mwanzoni mwa likizo kwa kuchagua mmoja mmoja, na sheria ilikuwa kwamba timu iliyofungwa mechi iliyopita ndiyo inaanza kuchagua. Kulikuwa na sheria nyingine pia: ukimaliza la saba, likizo ile ya Desemba ndiyo ya mwisho kwako. Baada ya hapo wewe ni dada mkubwa, na dada mkubwa harushi soksi barabarani.

Desemba ile Zuhura alikuwa amemaliza la saba.

Kepteni wa Posta, Tausi, aliyekuwa la tano lakini mdomo wake ulishafika chuo, alinikuta bombani na ndoo yangu.

"Kepteni, Zuhura wako anacheza likizo hii tu, au siyo?"

"Ndiyo."

"Akiondoka unabaki na nini? Na hizo soksi?" Akajiegemeza kwenye bomba. "Mimi nina mapacha wa la tatu, wanakimbia kama wamemwagiwa upupu. Nakuongezea na mdogo wao wa la pili. Chukua wote watatu, nipe Zuhura. Hao watakuchezea miaka."

Nikamwambia sina shida, hata tukifungwa tutaanza kuchagua sisi kwenye nyumba za katikati.

"Umchague nani, dada yangu? Mule kuna mtoto mmoja tu aliyebaki, na bado anatambaa!"

Nilikwenda na maneno yale siku mbili. Nilichora kwa kijiti uani: huku Zuhura na ushindi mmoja, huku zamu ya kuanza kuchagua, ambayo huenda ingeniletea mtoto hodari atakayehamia au yule anayetambaa, huku mapacha na mdogo wao. Mama akapita na ufagio. "Unapanga vita na nani, na vyombo havijaoshwa?" Nikafuta kwa mguu. Lakini nilishaamua. Nilijiona nina akili kuliko watoto wote wa Tabora: wengine wanafikiria Jumamosi, mimi nafikiria miaka. Nikaenda ng'ambo, tukapeana vidole vidogo na Tausi, ikawa imepita.

Kitu ambacho sikufanya ni kumwuliza Zuhura. Hata kumwambia sikumwambia. Nilimwacha Tausi akamwambie, mimi nikajifungia ndani nikijifanya naumwa tumbo. Na nilijua, maana tulikuwa tunasikilizana kupitia ukuta, kwamba mechi ile alikuwa anaiota. Alikuwa ameshona hata ua jekundu kwenye gauni lake la kuchezea, rangi yetu ya Reli.

Jumamosi mapacha hawakutokea. Walikuwa wameshikwa na matubwitubwi wote wawili, mashavu kama wamebania maandazi. Alikuja mdogo wao peke yake, mtoto ambaye mpira ukirushwa tu, hata kama anarushiwa mwingine, anafumba macho. Nikamsimamisha pale pale alipozoea kusimama Zuhura. Zuhura alikuja akatuangalia, akamwangalia yule mtoto kwa muda mrefu, halafu akavua kandambili, akazishika mkononi, akavuka barabara kwenda upande wa Posta. Ua lilikuwa limefumuliwa. Tundu za sindano zilikuwa zinaonekana.

Posta walipoingia katikati tuliwatoa wote isipokuwa yeye. Tulirusha mpaka mabega yakafa ganzi. Mimi mwenyewe nilirusha mara ya mwisho, kwa nguvu zote, nikiwa karibu naye hatua nne. Alisogea kidogo tu. Chupa ikajaa, akaiweka chini taratibu, akasimama wima. Hakushangilia, hakunicheka. Nilitamani anicheke.

Januari baba yao mapacha akahamishiwa Kigoma, familia nzima ikapanda treni, pamoja na anayefumba macho. Nami nilipokuwa nawapungia mkono ndipo nilipokumbuka jambo ambalo ningelikumbuka bombani lingenisaidia: hata mimi nilikuwa nimemaliza la saba. Nilikuwa nimepanga timu ya miaka ijayo, na mwenyewe simo.

Nilichaguliwa sekondari, Zuhura hakuchaguliwa. Akajifunza cherehani. Mimi nikazunguka nikafika huku. Naishi mtaa wa Xiaobei, napokea mizigo ya wafanyabiashara wa nyumbani, naifunga, naikabidhi kwa watu wa kago. Nimevuka bahari nzima ili nikae ndani. Muuza maji wa chini akiniona nje ya jengo huuliza kama kuna moto.

Juzi mchana nilikuwa nawapakulia ugali wapangaji wenzangu wawili, Frank na Kelvin. Hawa vijana wanapeleka kofia za besiboli Dar, na kwa sababu ya kutazama nembo za kofia siku nzima, wameanza kufuatilia besiboli yenyewe ya Wamarekani kwenye simu. Walikuwa wanabishana mpaka mchuzi unapoa.

"Staa amebakiza mwaka mmoja kwenye mkataba," anasema Frank. "Mtoe sasa hivi, chukua chipukizi watatu. Mbona hesabu rahisi?"

"Chipukizi wa watu unawajua wewe?" Kelvin akamjibu. "Bora ukae naye, ufungwe, mwakani uanze wewe kuchagua vijana wapya."

Nikauliza, "Na staa amesemaje?"

Wakanitazama kama nimeuliza mpira unalala wapi.

"Anti, yule analipwa," akasema Frank.

"Sijauliza analipwa nini. Nimeuliza amesemaje."

"Anti naye!" Kelvin akacheka. "Zhongda kwenye soko la vitambaa hujafika, na metro iko hapo chini, leo unajua besiboli?"

Nikaingia chumbani na simu. Zuhura siku hizi ana duka la mabegi Tabora, na mabegi yake natafutiwa na Frank, anayekwenda Shiling, kwenye viwanda vya mabegi, kwa basi kuyachagua. Tunatumiana sauti kila wiki: zipu, rangi, mkanda mrefu. Rede hatujaitaja hata siku moja. Siku hiyo nikabonyeza nikasema yote kwa pumzi moja, bomba, Tausi, kidole, kwamba nilipaswa kumwuliza, kwamba nimekosa. Nikaweka simu kitandani kifudifudi.

Jibu lake lilikuja na mlio wa cherehani nyuma yake. "Kepteni, kumbe unakumbuka. Kwenda Posta mbona nilishasamehe. Kilichoniuma miaka yote hii ni kwamba ulinitoa kwa yule mtoto mmoja. Yule wa kufumba macho! Nikasema, kumbe thamani yangu ndiyo hii."

Nikamrudishia haraka, "Walikuwa watatu, Zuhura. Tausi hakukwambia? Mapacha pia. Siku ile walikuwa wana matubwitubwi."

Nikasikia sauti nyingine imeingia, nikaifungua. Cherehani ilikuwa imezimwa. Zuhura alikuwa anacheka, kicheko ambacho sijawahi kukisikia hata tukiwa wadogo, na kwa mbali anawaita wanawe, "Njooni nyote! Njooni msikie, mama yenu alitolewa kwa watoto watatu!"

Kwa hawa kina Frank, mchezaji wao hajashuka kwenye basi, dunia nzima inajua anabadilishwa na nani na nani, hata urefu wa hao watu. Sisi tuliamua mambo hayo bombani, kwa vidole vidogo, na aliyeamuliwa akabaki kuhesabu mwenyewe gizani. Siwezi kusema zamani ilikuwa bora. Ilikuwa na vumbi zuri, michembe mitamu, na wachezaji ambao watu walishuka kwenye baiskeli kuwatazama. Ila hatukuwa na desturi ya kumwambia mtu kwamba ni hodari. Tulidhani anajua.