Mkono Nilioupeleka Kwenye Mtandio

Jamani, mie akili bado inakataa. Somoe? Somoe wangu, wa cherehani ya pili kutoka dirishani? Jumanne kanitumia voisi anacheka, Alhamisi napigiwa simu, presha ilipanda ghafla, hatunaye. Innalillahi.

Wengi mmenipa pole tangu juzi. "Pole kwa kumpoteza rafiki." Ahsanteni sana. Ila someni mpaka chini, halafu mtaamua wenyewe kama nilikuwa rafiki.

Mie na Somoe tulishona sare za shule miaka sita, kiwanda kidogo tu huku Temeke. Yeye kola, mie mifuko. Alikuwa anapiga stori pini zimemjaa mdomoni, na hakuwahi kumeza hata moja.

Siku yangu ya kwanza niliganda mlangoni, nimezoea kushona magauni ya jirani. Akanivutia kiti. "Kaa hapa shoga, hawa hawang'ati. Supavaiza tu ndo anang'ata." Nikacheka, nikakaa.

Sasa ishu yenyewe.

Kiwanda kina mlango wa nyuma. Supavaiza alikuwa anaupiga kufuli asubuhi mpaka jioni, eti tunatokatoka ovyo, tageti haifiki. Humo ndani vitambaa vimejaa mpaka kwenye korido na pasi zinawaka kutwa. Kuna siku pasi ikaunguza rundo la sketi, moshi ukatanda, wote tukakimbilia mlango mmoja wa mbele. Mwenzetu mmoja mjamzito aliangushwa pale. Mungu tu alituvusha.

Kesho yake kwenye chai tukakubaliana. Jumatatu kwenye mitingi Somoe ataanza kusema, akimaliza sie wote tunanyoosha mikono. Na aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote, "Tangulia shoga, tupo nyuma yako," ni mie. Chapati mkononi, nakumbuka.

Jumatatu akasimama.

"Shikamoo bosi. Tunaomba ule mlango wa nyuma usifungwe tukiwa ndani. Siku ile tulikuwa tunakufa." Basi. Kwa adabu zote.

Bosi akatuzungushia macho. "Haya ni yako wewe au ya wote? Anayekubaliana na huyu anyooshe mkono."

Hakuna mkono uliopanda. Unasikia feni tu.

Mkono wangu ulinyanyuka. Wallahi ulinyanyuka! Ukafika usawa wa sikio, nikagongana macho na supavaiza, nikaupeleka kwenye mtandio. Nikajifanya naurekebisha. Nikatafuta mpaka pini.

Somoe aliniona. Katika watu wote mle ndani alikuwa ananitazama mie.

Wiki ileile akaambiwa asije tena, ni mchochezi. Akarudi kwa mama yake Kibamba. Na mnajua nini? Mwezi haujaisha, kufuli likaondolewa kimyakimya. Mlango uko wazi mpaka leo, upepo unaingia, sie tunapitia hapohapo kwenda kula. Hakuna aliyewahi kumtaja.

Hakunigombeza hata mara moja. Akipiga simu ananianzia, "Vipi, mtandio umekaa?" halafu anacheka. Na mie nacheka, bwege mie. Miaka miwili nacheka badala ya kusema nisamehe. Nilikuwa nasubiri nini sijui.

Ijumaa tukamzika. Sie wa kiwandani tulienda pamoja, tukakaa mkekani na wanawake wenzetu. Mama yake akaja kutushika mikono, mmoja mmoja. Akasema, "Wanangu, nisameheeni kwa ajili ya mwenzenu. Nasikia alikuwa na mdomo, akawasumbua kazini mpaka wakamtoa. Msimwekee kinyongo, mwacheni aende salama."

Na mie, huyu huyu anayeandika hapa, nikamjibu: "Yameshapita mama. Tumemsamehe."

Tumemsamehe! Mie nimsamehe Somoe! Wenzangu wote wakaitikia kwa vichwa. Mama wa watu akashukuru.

Aibu niliyotoka nayo pale siwezi kuwaeleza. Nilipewa sahani ya pilau nikashindwa hata kuigusa.

Jana nikarudi Kibamba peke yangu. Nikamkuta mama uani anachambua mchele wa khitma, ndugu wamemkataza kakataa. Nikakaa chini, nikamwambia yote. Kufuli, moshi, makubaliano ya kwenye chai, mtandio. Alisikiliza ungo uko mapajani. Nilipomaliza akauliza kitu kimoja tu.

"Na wewe wakati huo ulikuwa umekaa mbali naye?"

"Nilikuwepo mama. Nimekaa pembeni yake."

Akarudi kwenye mchele wake. Sijui kama kanisamehe, na sikuthubutu kumuuliza. Halafu akasema, "Mie umeshaniambia. Sasa kawaambie na wale uliokuja nao, maana wote walinisikia naomba radhi."

Ndo nawaambia. Wenzangu wa kiwandani, mko humu, najua, na wewe supavaiza najua unasoma. Somoe hakuwa mchochezi. Hakuwa na mdomo. Alisema tuliyomtuma sie, halafu tukamkana mchana kweupe, na wa kwanza kumkana ni mie niliyemwambia atangulie. Anayemwita mchochezi aanze na mie.

Kesho Jumatatu kuna mitingi. Haya niliyoandika nitayasimamia na kuyasema palepale aliposimama yeye, hata nikibaki peke yangu. Wakiniambia nisije tena, sawa. Nitatokea mlango wa nyuma. Ule aliotufungulia yeye.

Somoe, shoga yangu, nimechelewa, nisamehe. Mama ameshajua. Lala sasa mwaya, pumzika kwa amani. Mkono wangu uko juu, na mtandio nimeuacha ulivyo.