Kompyuta za Shule na Laptopu ya Endarasha

Kaka yangu alikuwa fundi wa kompyuta katika shule ninakofundisha hapa Nyeri, mpaka figo zake zilipokataa kazi. Akarudi kuishi kwa mama yetu, kijijini Endarasha, na siku za kusafishwa damu aliletwa mjini akiwa amejifunika blanketi hata jua likiwaka. Mwalimu mkuu hakumwachisha kazi. Alimpa laptopu ya shule, akamwambia afanye atakachoweza akiwa nyumbani.

Kompyuta zetu ni kuukuu. Ukiziwasha wanafunzi wakiwa wameshaketi, kipindi kinaishia kwenye kungoja. Kaka alinieleza kwamba kompyuta ikizimwa, mradi waya wa umeme haujachomolewa, kuna kipande kidogo ndani yake kinachobaki macho, kikisubiri kuitwa. Akaandika skripti, yaani amri chache zinazofuatana, akaiweka kwenye mashine moja isiyozimwa pale shuleni. Kila asubuhi alikuwa anaingia humo kupitia mtandao, anabonyeza, na skripti inaziita kompyuta za maabara moja baada ya nyingine.

Siku ya kwanza nilisimama mlangoni, simu sikioni. Maabara ilikuwa baridi na kimya. Kisha feni zikaanza kuvuma, upande wa dirishani kwanza, skrini zikawaka, na hakuna mtu aliyezigusa. Nikamwambia kaka zimeamka. Nikamsikia akimwambia mama kwa Kikuyu kwamba zimeamka.

Baadaye nilimuuliza kwa nini asiipange skripti ijiendeshe yenyewe kila asubuhi. Mimi si fundi, lakini nilijua hilo linawezekana.

"Najua," alisema. "Lakini ikijiendesha, mimi nitaamkia nini?"

Akazidi kudhoofika. Asubuhi ambazo hakuweza kuinuka, mama aliketi kando ya kitanda na laptopu mapajani, kaka akimwelekeza. Mama hajui Kiingereza, na alikuwa hajawahi kugusa kompyuta. Alijifunza kwa kukariri mahali: hapa unafinya, hapa unangoja, hapa unafinya tena. Kaka alinipigia kunisimulia, akicheka mpaka pumzi ikamkatika, eti mama haanzi kabla ya kuvaa miwani yake ya kusomea Biblia.

Alifariki wakati wa mvua ndefu, hospitalini, mama na mimi tukiwa naye. Tulimzika nyumbani, kando ya shamba la viazi, na viatu vya waombolezaji vilikwama kwenye matope. Nilikaa na mama siku kadhaa, kisha ikanibidi nirudi kazini.

Asubuhi hiyo nilifika shuleni mapema, nikijua nitaziwasha kompyuta kwa mkono. Nilipofungua mlango wa maabara, zote zilikuwa zimewaka. Nilisimama pale nimeshika ufunguo. Halafu nikampigia mama.

"Ni mimi," alisema. "Nimefinya vile alinionyesha. Si alikuwa anasema watoto wasizipate zimelala?"

Nilikaa kwenye benchi la wanafunzi nikalia mpaka niliposikia sauti zao nje.

Mama aliendelea kuziamsha kila siku ya shule. Kisha fundi mpya akaajiriwa, na laptopu ikahitajika. Mwalimu mkuu aliona haya kuniambia, akazungukazunguka sana kabla ya kufika kwenye neno lenyewe. Nilimwarifu mama kwa simu, na Jumamosi nikaenda Endarasha.

Nilimkuta mama ameipangusa laptopu na kuifunga kwa leso safi. Hakunipa mara moja. Alinitilia chai, akauliza habari za wanafunzi, akauliza kama huyo fundi ni mtu mpole. Nikasema ni mpole. Akauliza kama atakumbuka kuziamsha. Nilitamani kumdanganya, lakini nikamwambia kwamba fundi amezipanga, sasa zinaamka zenyewe.

"Zenyewe," alisema. Akaitazama ile leso kwa muda. "Basi wacha nikakamue ng'ombe."

Nilimngoja. Jioni ilipokaribia alinisindikiza hadi barabarani, mimi nimebeba chupa ya maziwa, yeye amekumbatia laptopu kifuani. Nilinyoosha mkono nimpokee, akasema si nzito. Aliishika hivyo hivyo mpaka gari likasimama mbele yetu.