Jibu Alilompa Balozi

Bisimwa hakuweza kupita karibu na gunia bila kuvuta fundo lake. Nilimwona katika duka la vyakula vya Kiafrika mjini Garland, kaskazini mwa Houston, akivuta mafundo ya magunia ya unga wa muhogo, moja baada ya jingine, kisha akiligeuza kila gunia kutafuta lebo. Mwenye duka alikwisha kumzoea.

"Papa Bisimwa, hakuna madini humo. Ni fufu tu."

Nilikuwa mkalimani wake. Mawakili fulani wa Ulaya walikuwa wakikusanya ushahidi kuhusu kampuni iliyonunua madini ya bati mashariki mwa Kongo wakati wa vita. Wao wakizungumza kwa video, mimi na yeye tulikaa sebuleni kwake, viti viwili na meza moja, picha ya marehemu mkewe Annonciata ukutani.

Kazi yake huko Kongo ilikuwa kufunga lebo. Gunia lililotoka kwenye mgodi usio na wanajeshi lilifungwa lebo yenye namba, na Ulaya hawakununua gunia lisilo nayo. Lakini mgodi ule wa kilima cha kwanza ulikuwa umekwisha madini. Madini yalitoka kilima cha pili, ambako waasi waliwachimbisha watu kwa mtutu wa bunduki. Yaliteremshwa yamefunikwa majani ya migomba, na Bisimwa akayafungia lebo za kilima safi.

Siku moja balozi wa nchi mojawapo ya Ulaya alikuja kwa helikopta pamoja na wanunuzi.

"Alikuwa mutu mupole," Bisimwa alisema. "Akanipa mukono. Akaniuliza kwa Kifaransa, hii yote inatoka hapa? Nikasema ndiyo."

"Alionekana kuwa na shaka?" wakili aliuliza, nami nikatafsiri.

"Alikuwa ananiomba niseme ndiyo. Viatu vyake vilikuwa safi. Hakutaka kupanda mulima."

Jibu lake kwa balozi liliandikwa kwenye ripoti, na biashara ikaendelea miaka miwili zaidi. Katika miaka hiyo waasi walimkamata Parfait, mdogo wake Annonciata, wakampeleka kilima cha pili. Bisimwa alijua. Aliendelea kufunga magunia, akijua baadhi yalikuwa jasho la shemeji yake, mpaka udongo ulipoporomoka na kumfukia kijana yule. Annonciata alifariki hapa Garland bila kuambiwa kwamba mumewe alijua Parfait alikuwa wapi. Binti yao Carmel, anayetunza wazee huko Houston, hakujua pia. Mtoto wake wa kwanza alimpa jina la Parfait.

Mawakili walihitaji jina lake kamili na sahihi yake. Bila hivyo ushahidi haungefaa kitu. Bisimwa aliiweka kalamu chini.

"Carmel asisome hii kwenye karatasi. Nitamwambia kwanza kwa kinywa changu."

Kanuni za kazi yangu haziruhusu kumpakia shahidi garini. Jumamosi nilimpakia, tukashika njia ya Houston. Njiani alinitania. "Nyinyi Wakenya munaongea Kiswahili kama munagombana."

"Na ninyi kama mnabembeleza mtoto alale, Papa."

Alicheka mpaka akafuta macho.

Carmel alitukaribisha kwa chai. Alimsikiliza baba yake hadi mwisho bila kumkatiza, kisha akajibu kwa Kiingereza, haraka, akiangalia dirishani. Bisimwa, anayefanya kazi ghalani, ana Kiingereza cha huko tu: inua, shusha, funga. Alinigeukia.

Sisi wakalimani hatusemi "anasema." Tunasema "mimi," kana kwamba maneno ni yetu. Miaka kumi na moja nimefanya hivyo. Nimewaambia watu nina saratani, nimewaambia nimepoteza mimba. Siku ile nilitamani kuivunja kanuni hiyo pia. Sikuivunja.

"Nilikuwa namlilia mjomba," nilimwambia, "na wewe ndiye uliyenifuta machozi. Ulijua, na ulinifuta machozi. Sasa nenda. Usinipigie simu, baba. Nikiweza, nitapiga mimi."

Alikuwa akitazama midomo yangu, si ya binti yake. Alikunywa chai yake yote, akaaga.

Jumatatu alitia sahihi, jina kamili, herufi kubwa. Jalada likafungwa, nami nikapelekwa kwa watu wengine, kwa maumivu ya watu wengine. Naishi peke yangu Richardson, si mbali na kwake, lakini sijaenda. Ningefika nikiwa na sauti ya nani?

Siku ile ya sahihi alinisindikiza mpaka mlangoni, amekwisha kuvaa fulana ya kazi.

"Mama Gakii," aliniuliza, "kule ghalani simu zetu tunaziacha ndani ya kabati. Akipiga na sijasikia, itanionyesha kama ni yeye alipiga?"