Programu Inayojua Kusalimia

Watu wananiuliza sana natumia programu gani, kwa sababu natengeneza kadi za harusi na mabango kwenye steshenari moja ya mtaa wa Ufukoni, hapa mjini, na wakiona kadi imetoka vizuri wanadhani siri iko kwenye kompyuta. Huwa nawajibu harakaharaka. Ya kuchorea, tumia yoyote isiyokwama. Ya kuandikia, tumia ile inayohifadhi yenyewe bila kuambiwa, maana umeme hauagi ukiondoka. Basi. Mteja mmoja nilimpa jibu hilo akabaki kwenye benchi anasubiri niendelee. Sikuendelea.

Lakini zipo ambazo nazisifia mpaka mtu anachoka: ya kukumbusha, ya kurekodi sauti, na ya kukata sauti. Zote za bure. Nilizijaribu kwa bibi.

Bibi mzaa mama anakaa kijijini, kule mto Ruvuma unapokaribia baharini. Ana mikorosho yake, ana shamba la mihogo, na ana presha. Vidonge ni asubuhi na jioni, na alikuwa anavisahau. Msimu uliopita akaanguka akiwa anaokota korosho, wakambeba mpaka ndani. Mjomba, ambaye ni mwanawe mkubwa, anafanya kazi bandarini na ana nyumba mtaa wa Shangani, hukuhuku mjini. Akasema imetosha, akisikia dawa imerukwa tena anakuja na gari, anamchukua akakae naye mjini moja kwa moja. Na kwetu mjomba akisema, amesema.

Bibi hakutaka hata kusikia. Alishawahi kukaa huko kidogo akarudi amekonda. Alitusimulia kwamba Shangani jioni watu wanavaa raba, wanatembea ufukweni mpaka mwisho, halafu wanageuza wanarudi, hawajabeba kitu wala hawakuwa wanakwenda kwa mtu.

"Sasa mimi nikafanye nini huko?" aliniuliza. "Na mimi nivae raba?"

Nikaona hili ni suala la programu tu. Nikapanda bodaboda mpaka kijijini na simu yangu ya zamani ya kupangusa, nikaiwekea programu ya kukumbusha. Ina sauti yake ya kike, unaandika maneno, inayasoma. Nikaandika: Muda wa kumeza dawa. Nikaitundika ukutani karibu na waya wa sola, nikarudi zangu mjini najiona daktari.

Kesho yake nikampigia kwenye kitochi chake, ile simu ndogo ya vitufe. Dawa hajameza, na ile simu ameishusha akaifunika na bakuli.

"Mwanamke anaingia nyumbani kwangu," akasema, "hodi hapigi, hasalimii, ananiambia meza. Yeye nani?"

Nikamweleza ile ni mashine. Akasema anajua ni mashine, yeye si mtoto, ila aliyeifundisha kuongea ni mtu, na huyo mtu ana mama yake.

Nikaingia kwenye programu ya kurekodi. Nikajifungia chooni pale steshenari kukwepa kelele za bajaji, nikasema: "Hodi bibi. Shikamoo. Umeshindaje? Meza dawa." Nikarudi kijijini kuiweka, nikakaa nje nisikilize. Jioni ikalia. Bibi akaitika marahaba vizuri kabisa, akaanza kuuliza, je wewe hujambo, je mama yako, na mimi ndani ya simu nikamkata kauli nikamwambia ameze dawa. Nilipoingia nikamkuta amenuna.

"Mume wangu," akasema, maana ndivyo anavyoniita, sisi na bibi zetu ni watani, "siku hizi unaongea kama unafukuzwa na polisi."

Kidonge kikabaki mezani mpaka nilipombembeleza.

Ndiyo maana programu ya kukata sauti naisifia kuliko zote. Ukiifungua, sauti yako unaiona imechorwa kama milima, na mahali uliponyamaza pamechorwa mstari ulionyooka. Ule mstari unaweza kuuvuta. Mimi chai tu siwezi kusubiri ipoe, lakini nilikaa navuta ukimya kama fundi wa mabomba. Baada ya shikamoo, ukimya. Baada ya umeshindaje, ukimya mrefu. Halafu: "Mimi sijambo, mama hajambo, anakusalimia." Ukimya. Mwisho kabisa: "Haya bibi, tumeze dawa." Ya asubuhi ni hiyohiyo, ila nauliza ameamkaje.

Ikafanya kazi. Bibi anauliza, najibu, anameza. Shida ikawa habari. Mtu akishasalimiwa anatoa habari, na bibi alikuwa nazo. Akaniambia mimi wa kwenye simu kwamba mbuzi wa jirani wamemaliza majani ya mihogo, nikamjibu mama anamsalimia. Akapiga kitochi kulalamika. Nikamshauri asalimie tu, habari aache. Akaniuliza mtu anasalimiaje bila habari. Basi nikaongeza "Aa, kumbe," na mbele kidogo "Tunashukuru Mungu," nikaona hayo mawili yatafaa kwa lolote.

Mjomba akaja kuhakikisha. Ilikuwa Jumamosi, mimi nikapanda gari lake, siti za nyuma kazilaza kabisa ili mizigo ya bibi ienee. Njiani aliniambia haamini simu. Atakaa, atatazama kwa macho yake, na jioni hiyo dawa isipomezwa, mama anapanda gari.

Akakaa kwenye kigoda, mikono kifuani. Akasema mtu haruhusiwi kutaja dawa. Bibi anamenya mihogo. Simu ikaanza.

"Hodi bibi. Shikamoo."

Bibi kimya. Simu ikamsubiri, kama nilivyoifundisha. Ikauliza ameshindaje. Kimya. Ikasema mimi sijambo, mama hajambo. Mjomba akanitazama. Ikasema aa, kumbe, hapo hakuna aliyeongea lolote. Ikamshukuru Mungu. Ikasema haya bibi, tumeze dawa. Bibi akachukua muhogo mwingine.

Mjomba akasimama, ufunguo wa gari mkononi. Nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza bibi kwa nini haitikii.

"Nimeshakusalimia uliposhuka kwenye gari," akasema. "Umekaa hapo. Niitikie wewe au yule?"

"Mama, ile ni simu," mjomba akasema.

"Najua ni simu. Lakini sauti ni ya huyu, na huyu yupo."

Nikamuomba mjomba anipe nafasi moja, aibonyeze simu tena mimi nikishatoka. Nikatoka, nikazunguka mpaka banda la kuku. Kabla hajabonyeza nikasikia bibi analalamika kwamba nimeondoka bila kuaga. Nikarudi. Nikamwambia, bibi, mimi nakwenda. Akasema haya mume wangu, wasalimie. Nikaenda tena kwenye kuku.

Simu ikaanza upya, na safari hii bibi akaitika. Akauliza nimeshindaje, akauliza mama. Halafu nikamsikia anashusha sauti.

"Mjomba wako amekuja kunichukua."

"Aa, kumbe," nikasema mle ndani.

"Na mimi sitaki kwenda."

"Tunashukuru Mungu."

Kukawa na ule ukimya niliouvuta kwa mkono wangu, nikajuta kuuvuta mrefu hivyo. Kuku wananizunguka wanadhani nimeleta pumba.

"Haya bibi, tumeze dawa."

Maji yakamiminwa kwenye kikombe.

Mjomba akaja huko nyuma. Alisimama kando yangu, ufunguo ukiwa umesharudi mfukoni, akaniuliza kama ile programu inaweza kukaa na sauti ya mtu mwingine, labda kwenye salamu ya asubuhi. Nikamwambia inaweza, ila atahitaji subira. Akarudi Shangani peke yake, na siti zimelala vilevile.

Siku hizi nikienda kumtembelea bibi, saa ya dawa ikikaribia naaga, nazunguka kwenye banda la kuku. Namsubiri amalize kuongea na mimi, ndipo napiga hodi.