Mume Wangu Anaongea na Mungu Tu

Wageni wakija kumwona mume wangu hutoka wakifuta machozi ya furaha, nami hubaki na vikombe vya kuosha na hasira ya kumeza. Furaha ya nini? Tangu kiharusi kimpige hawezi kusema "maji", hawezi kusema "choo", hawezi kuniita. Lakini mwanzishie wimbo wa kanisa uone. Anaudaka na kuumaliza, beti zote, kwa besi yake ile ile ya kwaya. Na Sala ya Bwana ndiyo usiseme. Anaianza kwa Kimeru na kuifikisha mpaka Amina bila kukwama mahali. Akishamaliza, basi. Ulimi unaanza tena kuhangaika, anatoa "ta, ta, ta", anakasirika, anapiga mkono wa kiti.

"Ni muujiza, mama," wananiambia. "Adui amechukua vyote, hilo likamshinda."

Daktari wa Meru mjini alikuwa amenieleza. Alisema maneno ya kukariri tangu utotoni hukaa upande mwingine wa kichwa, na upande huo haukuguswa. Sawa, nimeelewa. Lakini mimi nilitaka neno moja tu. Miaka yote ya ndoa yetu mtu huyu alikuwa akiniita kutoka getini, kabla hajafika mlangoni, kwa sauti ya kutawanya kuku. Sasa anaongea na Mungu tu. Nilimwonea Mungu wivu, haki ya nani, na siku moja nikiwa nimeinama shambani nilimwambia wazi: Wewe una malaika wote hao wa kukuimbia, huyu mmoja unashindwa kunirudishia?

Watu wasikosee hapo, nilikuwa bado naomba. Nilikuwa naomba nikikamua ng'ombe, nikifua shuka zake, nikimgeuza kitandani mgongo ukinilia. Sikuwa na sala za magoti na macho kufumbwa, maana nikifumba macho nalala, na nikilala kidogo nashtuka kana kwamba kuna kitu kinaungua jikoni. Uchovu ule haukutaka kupumzika. Nikikaa, miguu inataka kusimama. Nikisimama, sijui nilikuwa nakwenda wapi. Nilikuwa nasugua sufuria ambayo nimeisugua tayari. Binti yangu, ambaye ni mwalimu Embu, akipiga simu alikuwa ananiambia, "Mama, jipumzishe katika Bwana." Wueh! Nikamwuliza, nijipumzishe katika Bwana halafu baba yako amgeuze nani? Nikajuta kumfokea mtoto, lakini sikurudisha maneno.

Kilichokuwa kinanishikilia ni mbegu. Sisi hapa Kibirichia ni watu wa viazi, na msimu uliopita mnyauko uliingia shambani kwetu. Asiyeujua ugonjwa huo ashukuru. Shina linasimama asubuhi, mchana limelala, ukichimba unakuta kiazi kinatoa maji meupe ya kunuka. Ilibidi ning'oe karibu kila kitu. Kona moja tu ya juu, ile ya karibu na miti, ilipona, na humo ndimo nilimookota mbegu, kiazi kimoja kimoja, ukubwa wa yai. Nikavitandaza kwenye stoo yetu ya mbao zenye nafasi, mwanga upite, vichipue vichipukizi vifupi vya kijani, vyenye nguvu. Mbegu safi siku hizi haipatikani hivi hivi. Unaandikisha, unangoja, mvua inakuja na kwenda ungali unangoja. Na ukinunua za sokoni kwa kukata tamaa, unarudisha mnyauko nyumbani kwa mikono yako.

Mimi ni mtu wa Kanyakine, kwa kahawa na ndizi. Viazi nilifundishwa na huyu huyu mzee. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba mbegu iliyochipua inabebwa kama mayai, na kwamba hata njaa ikiwa imeingia mpaka chumbani, mbegu haiguswi. Mawingu yalipoanza kukaa juu ya mlima, nilizipanga kwenye magunia ya wavu, nikaziacha pale pale stoo. Nilijiambia, nikipanda hizi nitaweza kuvumilia mengine yote.

Siku iliyofuata nikaenda Meru kuchukua dawa zake, nikamwacha mzee na mke wa jirani. Foleni ikanila asubuhi nzima, na kufika dirishani naambiwa dawa moja haipo, nirudi wiki ijayo. Niliteremka mpaka mtaa wa Majengo kutafuta miguu ya ng'ombe ya supu. Mwenye bucha, Mwislamu ambaye tumenunua kwake miaka mingi, aliniona nilivyosimama akanisogezea benchi.

"Mzee anaendeleaje?"

"Tunamshukuru Mungu."

"Na wewe mama? Wewe unalala?"

Jamani. Kanisa zima limepita kwangu, limekunywa maziwa ya ng'ombe wangu, na hakuna aliyekuwa ameniuliza hilo. Nilijifanya natafuta leso kwenye mkoba. Nikamwambia nalala kidogo, akasema "pole sana", akanikatia miguu ile vizuri, na nikaondoka nikiwa nimepata nafuu ya ajabu.

Nafuu hiyo ilinifikisha mpaka getini tu. Mlango wa stoo ulikuwa wazi, ndani hamna gunia hata moja.

Mke wa jirani alinipokea akitabasamu. Kumbe Jumapili ya wiki ile ilikuwa ya mavuno, na kwetu kabla ya Jumapili ya mavuno wazee wa kanisa huzunguka na pikapu kwenye nyumba za wagonjwa, ili asiyeweza kufika naye atoe sadaka yake. Mume wangu mwenyewe alikuwa mzee wa kanisa, ameizungusha pikapu hiyo kabla hata hawa hawajaoa. Walipofika wakamwimbia, naye akaimba. Wakamwuliza atatoa nini. Mkono wake mzima, ule usiopooza, ukainuka ukaelekea stoo. Wakafungua, wakaona mbegu.

"Waliona kuwa ni mbegu?" nikauliza.

"Waliona! Ndiyo maana mmoja alilia. Alisema hajawahi kuona imani kama hiyo, mtu kutoa mpaka mbegu yake ili Mungu amponye. Wakaomba pale pale. Na mzee naye akaomba Sala ya Bwana yote."

"Alikuwa anawaonyesha wasiguse!"

"Sasa mama, hakusema wasiguse."

Hakusema! Niliingia ndani nikamkuta kitini, shavu moja limelowa. Aliponiona akaanza "ta, ta, ta", mkono unaelekeza stoo, unarudi, unaelekeza tena. Nikapiga magoti mbele yake nikamwambia najua, mzee, najua hukuwapa. Nilimwambia hivyo, lakini kusema kweli sikuwa na hakika. Mtu aliyetoa sadaka ya kwanza ya kila kitu maisha yake yote, ungejuaje?

Kesho yake nilikwenda kwa mchungaji. Ni kijana mwema, hana baya. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akashika kichwa.

"Mama, kitu kikishaombewa ni cha Bwana. Nikikurudishia, nitawaambia nini waumini? Na tena, samahani mama, wewe huogopi? Mzee ametoa kwa ajili ya uponyaji wake. Ukirudisha sadaka, si unarudisha na uponyaji?"

Hapo ndipo waliponishika vizuri. Kumbe sasa mume wangu asipopona, sababu ni mimi na viazi vyangu. Nikamwuliza mbegu zitafanyiwa nini. Akasema zitapandwa shamba la kanisa. Shamba la kanisa! Mahali ambapo mnyauko umekaa miaka na kila mtu Kibirichia anajua. Nilitoka pale, na njia nzima nilikuwa nagombana na Mungu kwa sauti, mpaka mtu wa punda akanipisha njia. Nilimwambia: Nimekupa mume, nimekupa usingizi, nimekupa mgongo. Hii mbegu ulikuwa unaitakia nini? Hukunijibu jana, hunijibu leo. Lakini nitakuja kwako kesho, maana sina mwingine wa kugombana naye.

Jumapili nikamvalisha koti lake la kanisa, jirani akanisaidia kumsukuma kwenye kiti cha magurudumu. Tukawekwa mbele. Na mbele pale, kati ya mikungu ya ndizi, maboga, mahindi na kuku wamefungwa miguu, yalikuwapo magunia yangu ya wavu, vichipukizi vinachungulia. Gunia moja walikuwa wamelitupia maboga juu. Nililitazama gunia hilo ibada nzima. Sikumbuki mahubiri.

Wakati wa shuhuda mchungaji akasema kwamba familia moja imetutangulia wote katika kutoa, akaniita nisimame. Nikasimama.

"Bwana asifiwe."

"Amina!"

"Sina ushuhuda," nikasema. "Nimechoka. Nyinyi mnaniambia mume wangu ni muujiza, mimi namwosha. Zile ni mbegu zetu za msimu huu, hatuna zingine, na hakuwapa. Alikuwa anawakataza na hana neno la kuwakataza. Mkinirudishia, kama Mungu atamnyima uponyaji kwa sababu ya viazi, basi nitaongea naye mwenyewe. Ananijua. Tunaongea kila siku."

Kuku mmoja akalalamika pale mbele. Niliona mabega ya akina mama wenzangu yakikakamaa, na mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Aki huyu naye, amechanganyikiwa." Mchungaji akakohoa. Akafanya kile wanachofanya wachungaji maneno yakiwaishia: akasema tusimame sote, tufumbe macho, tuombe Sala ya Bwana.

Tukaanza. Besi ya mume wangu ikaingia na wengine, kubwa, haina kasoro, na nikafikiri, nimeshindwa. Sasa atawaombea sala yao mpaka mwisho, watoe tena machozi yao, na mbegu ziende.

Tukafika pale tunapoomba mkate. Kanisa likapita, yeye hakupita. Akarudia pale pale pa mkate. Watu wakaendelea na makosa yetu na majaribu, yeye akarudia tena, kwa sauti zaidi. Sala ikafika Amina, kanisa likanyamaza, macho yakafunguka, na mtu ambaye hajawahi kuikatiza sala hiyo tangu augue alikuwa bado anaomba mkate, peke yake, jasho linamtoka, mkono mzima umenyooka kwenye magunia ya wavu.

Yule mzee wa kanisa aliyelia kwetu stoo ndiye aliyeinuka kwanza. Alitoa maboga juu ya gunia, moja moja, akayaweka chini. Kisha akalibeba gunia mikononi, polepole, kama mayai, akatoka nalo nje mpaka kwenye pikapu. Mume wangu akashusha mkono.

Nilizipanda zote Jumatatu, na mvua ikaja nikiwa karibu kuzikatia tamaa mbegu zenyewe. Nisiwadanganye kwamba mambo yalibadilika. Wapo akina mama ambao hawanisalimii mpaka leo, na mume wangu akishikwa na homa najua wanakumbushana yale magunia. Dawa bado ni ya kurudia wiki ijayo. Mgongo bado unauma, na jina langu sijalisikia tena.

Lakini nikitaka kumjua, siku hizi namwanzishia sala hiyo na kusikiliza atasimama wapi. Akisimama kwenye mkate naleta chakula. Akienda moja kwa moja mpaka Amina najua hana shida. Majuzi, viazi vikiwa vimeanza kutoa maua, nilikuwa nambadilisha shuka kwa mara nyingine asubuhi ile ile, na nilikuwa nimefoka, nimefoka vibaya, kwa maneno ambayo sitayaandika. Nilipomaliza nikamwanzishia ili nijue kama anataka chai. Chai hakuitaka. Alipita mkate, akafika pale pa kusameheana, akakwama. Akarudia. Akarudia tena, ananitazama usoni, amenishika kidole.

Sikujua kama alikuwa ananiomba au ananipa. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda. Kwa mara ya kwanza tangu augue, miguu yangu haikutaka kusimama.